Akteri Hafi? Walter White na Matanga Yasiyofanyika

Mtoto aliyekulia Kalemie, huku Kongo, akikaa mkekani mbele ya televisheni ya jirani, huzijua sheria mbili za filamu kabla hajajua kusoma. Akteri hafi. Shefu wa majambazi hufa, tena hufa mwisho, baada ya watu wake wote kuanguka mmoja mmoja. Neno lenyewe tumelichota kwenye Kifaransa tukalifinyanga: filamu inaweza kuwa na waigizaji hamsini, lakini akteri ni mmoja, yule ambaye risasi humkwepa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma hadi Dar es Salaam, wao humwita stelingi, na watafsiri wa filamu wa huko, akina Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walimsindikiza kwa sauti zao mpaka mtazamaji asiyejua neno la Kiingereza akajua nani wa kushangilia. Kinshasa ya miaka ya 1950, ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, vijana waliipenda sheria ya kwanza hata wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakatembea mitaani kama wachunga ng'ombe wa sinema za Marekani na kubuni lugha yao wenyewe, Hindubill. Akteri alikuwa mtu wa kuigwa kwa sababu mwisho wake ulijulikana mapema.

Tangu mwaka 1999, The Sopranos ilipoanza kuonyeshwa Marekani, tamthilia za uhalifu zimetuletea mtu ambaye sheria hizo mbili zinagombana ndani yake. Yeye ndiye akteri na yeye ndiye shefu wa majambazi. Tunaishi naye misimu mitano au sita, tunamjua mkewe, dawa anazomeza na wimbo anaoupenda. Tunabana pumzi polisi wanapopita karibu naye. Halafu anamuua mtu ambaye hakumkosea lolote, na bado tunabana pumzi. Sheria ya kwanza inasema asife, ya pili inasema lazima afe. Sehemu ya mwisho inakaa kama baraza la wazee kati ya sheria hizo, na ndiyo maana watu hubishana juu ya saa moja ya mwisho kuliko juu ya saa sitini zilizotangulia. Kijana anayejaza filamu kwenye flashi karibu na soko huniambia kuwa wapo wateja wanaokuja kutaka ile ya mwisho peke yake. "Papa, hawa hawataki hadithi," aliniambia, "wanataka kujua kama amelipa."

Neno lake hilo, kulipa, ndilo litakaloniongoza hapa. Kesi nitakayoikalia zaidi ni ya tamthilia ya Breaking Bad, kwa sababu mwisho wake ulijaribu kuzitii sheria zote mbili kwa mpigo, na kwa sababu mwanzo wake sisi tunauamini kwa urahisi kuliko Wamarekani wenyewe.

Tuukumbuke mwanzo huo. Walter White ana miaka 50, anafundisha kemia katika shule ya sekondari ya Albuquerque, New Mexico. Mshahara hautoshi, hivyo baada ya masomo huenda kuosha magari, na siku moja anajikuta amepiga magoti aking'arisha gurudumu la gari la mwanafunzi wake. Mkewe Skyler ni mjamzito. Mwanawe, Walter Mdogo, anatembea kwa magongo. Kisha daktari anampa habari ya kansa ya mapafu. Walter anamtafuta Jesse Pinkman, mwanafunzi wake wa zamani, na wawili hao wanaanza kupika methamphetamine, dawa ya kulevya inayoliwa katika mitaa ya mji wao.

Mtazamaji wa Marekani ilibidi ashawishiwe kwamba mwalimu anaweza kufika hapo. Sisi hatukuhitaji kushawishiwa. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo wamewalipa walimu kwa mifuko yao, kwa kile tulichokiita prime, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Mwalimu anayebeba abiria kwa pikipiki jioni, mwalimu anayelangua ndagala ufukweni alfajiri kabla ya kengele, hao ni watu tunaowasalimia kila siku. Katiba ya nchi hii imeandikwa upya mara nyingi, lakini kuna kifungu ambacho hakimo katika kitabu chochote na kila Mkongomani anakijua: Artikle 15, jitafutie. Walter White anaanza kama mwananchi mwaminifu wa Artikle 15. Kwa hiyo mtazamaji wa Kalemie humpa mkopo mkubwa wa huruma, na mtu aliyekopesha sana ndiye hufuatilia sana malipo.

Sehemu ya mwisho inaitwa "Felina". Ilirushwa na kituo cha AMC tarehe 29 Septemba 2013, ikiwa sehemu ya 62, imeandikwa na kuongozwa na Vince Gilligan mwenyewe, aliyekwisha kueleza kwamba nia yake ilikuwa kumchukua mwalimu mpole na kumgeuza jambazi kama Scarface wa sinema. Walter amejificha kwenye kibanda chenye theluji New Hampshire, amekonda, hana mtu. Anarudi Albuquerque. Anaingia katika nyumba ya Gretchen na Elliott Schwartz, washirika wake wa zamani waliotajirika, anawaachia dola milioni 9.72 na kuwaamuru wampe mwanawe atakapofikisha miaka 18, kana kwamba ni sadaka yao. Anawatisha kwa kuwaambia wauaji wamekwisha kulipwa. Kumbe vile vidoa vyekundu vifuani mwao ni taa ndogo mikononi mwa vijana wawili wahuni. Anamwekea Lydia, mshirika wake katika biashara ya dawa, sumu ya ricin katika kinywaji. Anamuaga Skyler, anamtazama binti yake Holly akiwa amelala. Kisha anaendesha gari hadi kwa genge la Jack Welker, lile lililomuua shemeji yake Hank na kumfanya Jesse mtumwa wa kupika, na kwa kitufe kimoja bunduki aliyoificha kwenye buti la gari inawafyeka wote. Jesse anamnyonga Todd, mpwa wa Jack, kwa mnyororo uleule aliofungwa nao. Walter, aliyejeruhiwa na risasi ya bunduki yake mwenyewe, anakufa kati ya mitungi ya maabara, akiigusa kama mtu anayempapasa mtoto.

Kuna mambo mawili hapo ninayoyaamini bila shaka. La kwanza ni maneno yake kwa Skyler jikoni. Kwa misimu mitano alisema kila alichofanya kilikuwa kwa ajili ya familia. Safari hii anakiri kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alikipenda, kwamba alikuwa hodari. Mtu anayekufa huchoka kubeba uongo, na uso wa Bryan Cranston, anayemwigiza, katika dakika hiyo unaonyesha mzigo ukitua. La pili ni Jesse kukataa kumpiga risasi. Walter anamtaka afanye hivyo, na kijana aliyeamrishwa tangu siku ya kwanza anasema hapana kwa mara ya mwisho. Kama tamthilia ingeishia kwenye hapana hiyo, ningeandika makala fupi zaidi.

Kinachobaki kina kasoro ambayo wakosoaji waliiona tangu wiki ileile. Kila kitu kinamwendea sawa. Ufunguo wa gari unaanguka kutoka kwenye kizuia jua. Lydia anakaa mkahawa uleule, saa ileile, na kuomba kinywaji kilekile. Gari linaegeshwa kwa pembe inayotakiwa, genge lote liko chumba kimoja, na anayebaki hai baada ya mvua ya risasi ni Jack, ili auawe kwa mkono, na Todd, ili anyongwe. Emily Nussbaum wa The New Yorker aliandika kwamba ingeeleweka zaidi kama yote hayo yangekuwa ndoto ya mtu anayeganda ndani ya gari huko New Hampshire. Namwelewa. Lakini bahati peke yake hainisumbui. Filamu tulizokulia nazo zimejaa bahati. Kinachonisumbua kiko kwenye hesabu.

Huku kwetu mtu akifa, nyumba hujaa. Viti vinakodiwa, turubai linafungwa, watu wanalala nje usiku kucha. Matanga ni mahali pa kulia, na ni mahali pa hesabu pia. Katika familia za Kiislamu za mjini, msemaji wa wafiwa husimama kabla ya kwenda makaburini na kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, naye aliyekuwa akidaiwa na marehemu ajue deni liko kwa warithi. Katika familia nyingine jambo hilohilo hufanyika siku ya mwisho, kwenye kikao cha familia, na hufanyika kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna anayeruhusiwa kufa tu. Nimejizoesha kuipima kila sehemu ya mwisho kwa tangazo hilo: kama tungekaa matanga ya mtu huyu, nani angesimama, na hadithi imemwona au haikumwona?

Kwenye matanga ya Walter White wangesimama watu wengi. Marie, mjane wa Hank, angesimama, na kwa haki tuseme "Felina" imemwona: Walter anamwachia Skyler namba za mahali mumewe alipofukiwa jangwani, ili maiti ipatikane na Skyler awe na cha kujadiliana na waendesha mashtaka. Hilo ni deni lililolipwa, hata kama limechelewa. Lakini wangesimama pia wazazi wa Drew Sharp, mtoto wa pikipiki aliyepigwa risasi na Todd kwa sababu aliona treni ikiibiwa. Wangesimama jamaa wa watu 167 walioanguka na ndege mbili juu ya mji, kwa sababu mwongoza ndege alikuwa baba wa Jane, mpenzi wa Jesse, na Walter alisimama akimtazama Jane akipaliwa na matapishi yake bila kumgeuza. Angesimama Brock, mtoto aliyependwa na Jesse, ambaye Walter alimtilia sumu ya mmea, kisha mamake akauawa mlangoni kwao. Sehemu ya mwisho haiwataji. Maadui wa Walter wanalipwa kwa risasi; waliodhulumiwa hawamo chumbani. Na pale anapokufa, kamera inapanda juu kumtazama kwa huruma, muziki unapigwa, polisi wanaingia taratibu. Ni kifo bila matanga.

Juu ya yote kuna zile dola milioni 9.72. Katika sehemu iliyotangulia, "Granite State", Walter alijaribu kumtumia mwanawe pesa ndani ya sanduku, na kijana akamkataa kwenye simu, akamuuliza kwa nini hajafa bado. Ndilo jibu gumu kuliko yote katika tamthilia nzima: mrithi amekataa urithi. Na "Felina" inafanya nini na jibu hilo? Inalizunguka. Inatafuta mlango wa nyuma ili pesa ileile imfikie mtoto yuleyule bila yeye kujua, na inatutaka tufurahie werevu huo. Nimekaa vikao vya urithi vya kutosha kujua kwamba pesa isiyo na maelezo haikai kimya. Kijana wa miaka 18 anapewa mamilioni na watu ambao baba yake aliwachukia: mama atauliza, shangazi atauliza, serikali itauliza. Werevu wa Walter unasimama kwa sababu hadithi inakatika kabla ya swali la kwanza.

Nadhani hata waliotengeneza walilihisi deni hilo. Mwaka 2019 Gilligan alirudi na filamu ya El Camino kumfuata Jesse, na jambo ninalolikumbuka zaidi ndani yake ni barua ambayo Jesse anamwandikia Brock kabla ya kuanza maisha mapya Alaska. Ilichukua miaka sita mtu mmoja kumwandikia yule mtoto.

Isidhaniwe ninadai kila mhalifu wa televisheni aadhibiwe mbele yetu. Adhabu ya lazima ina historia mbaya. Howard Hawks alipotengeneza Scarface ya mwaka 1932, wakaguzi wa Marekani waliona haitoshi jambazi kuanguka kwa risasi. Ikapigwa picha ya mwisho mwingine, ambamo anasomewa hukumu na kunyongwa. Baada ya 1934 kanuni za Hollywood zilikaza kamba zaidi, na kwa miongo kadhaa mtazamaji alijua jambazi atalipa kama anavyojua jua litazama. Mwisho wa namna hiyo unafundisha utii, haumshawishi mtu. Wahalifu wa televisheni wa zama zetu walizaliwa kwa kuikataa kamba hiyo, na walikuwa na haki. Swali ni wameweka nini mahali pake.

David Chase, katika mwisho wa The Sopranos tarehe 10 Juni 2007, aliweka giza. Tony, shefu wake wa majambazi, anakula na familia yake mgahawani, mlango unafunguliwa, anainua macho, na picha inakatika. Wengi walidhani televisheni zao zimeharibika. Mtu wa Kalemie angedhani umeme umekwenda. Nimebadili mawazo juu ya mwisho huo mara kadhaa na sasa nauheshimu, kwa kuwa haumpi Tony ushindi wala msamaha: unamwachia woga wa kila mlango unaofunguliwa. Mwisho wa kwanza wa Dexter, uliorushwa wiki moja tu kabla ya "Felina", ulimtoa muuaji wake baharini katika kimbunga na kumweka msituni akikata magogo. Huo hauhitaji maelezo mengi. Alikimbia deni, na waandishi wakakimbia naye.

Ulionishinda nguvu ni wa The Shield, tarehe 25 Novemba 2008. Vic Mackey, polisi wa Los Angeles aliyeiba, aliyetesa, aliyemuua polisi mwenzake katika sehemu ya kwanza kabisa, anapata ahadi ya serikali kwamba hatashtakiwa kwa lolote atakalokiri. Basi anakaa kitini na kukiri yote. Afisa wa kike aliyempigania anasikia na kubadilika rangi. Vic hafi, hafungwi. Anapewa meza, tai, kompyuta na ripoti za kuandika kwa miaka mitatu, taa za ofisi zikizimwa juu yake jioni. Mkewe wa zamani na watoto wamefichwa na serikali mahali asipopajua. Rafiki yake Shane amewaua mke na mtoto wake, kisha akajiua, na Vic anasomewa barua yake mezani. Hapo kila mdai amesimama. Akteri hakufa, sheria ya kwanza imetiiwa neno kwa neno, na sijawahi kuona kutokufa kunakofanana na kaburi namna ile.

The Wire ilifanya jambo jingine na Omar Little, mporaji wa wauza dawa za kulevya aliyeogopwa Baltimore yote. Katika msimu wa mwisho, mwaka 2008, anaingia dukani kununua sigara na kupigwa risasi kichwani na mtoto mdogo, Kenard. Kwenye chumba cha maiti wanakosea kibandiko cha jina lake. Baadaye tunamwona kijana Michael akiwapora wauza dawa kwa bunduki kama ile ya Omar, na tunaelewa kiti hakikukaa wazi hata mwezi. Watu wa ziwani wanalijua jambo hili: samaki mkubwa akivuliwa, maji hayabaki na shimo.

Nisemapo haya nasikia sauti itakayosema hizi ni hadithi za wenzetu, na sisi tuna zetu. Ni kweli, na zetu zimelijibu swali hili kabla televisheni haijazaliwa. Sungura, ambaye wengine huku humwita Kalulu, hana sehemu ya mwisho. Anaiba, anatoroka, na kesho usiku bibi anasimulia wizi mwingine. Yeye ni akteri halisi na hakuna anayemdai, kwa sababu hadithi yake haina kesho yake.

Lakini Fumo Liyongo ana mwisho, na sijui mwisho bora zaidi katika Kiswahili chote. Utendi wake, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 juu ya habari za zamani sana, unamwonyesha mtu aliyefungwa na mtawala wa Pate, akatoroka kwa tupa aliyofichiwa na mamake ndani ya mkate, akaishi porini akiwa tishio. Chuma hakimwingii, kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo anaitoa kwa mwanawe, na mwana amekwisha kuahidiwa mambo makubwa na mtawala. Mtoto anamchoma baba usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, na hapo anakufa akiwa amepiga goti. Mji unamwona kwa mbali na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita. Mamake anaombwa aende kumsihi. Ni pale mwili unapoanguka wenyewe ndipo wanajua kwamba walikuwa wanamwogopa maiti. Na mwana hakukipata alichoahidiwa.

Tazama deni linavyotembea hapo. Liyongo amekufa, lakini kifo chake kimeuchukua mji mzima: wenye hatia na wasio na hatia wamekaa na kiu pamoja. Mama yumo, mwana yumo, mtawala yumo. Hakuna risasi inayofyeka watu wabaya peke yao.

Mwandishi Kezilahabi alikuwa mkali zaidi. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya mwaka 1975, anamuua kiongozi na kunyongwa, na mwandishi hamwachii msomaji faraja ya kuona upande mmoja ulikuwa safi. Katika sinema, Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ilimleta Mwas, kijana wa kijijini anayetaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku anayofika Nairobi, na mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza huku usiku akiiba vipuri vya magari. Joseph Wairimu alimwigiza kwa uso wa mtoto ambaye hajui bado kama anadanganya. Mwishoni polisi wanawapeleka vijana wa genge lake kumalizwa bila kesi, kiongozi wao Oti na wengine wanakufa, Mwas anasalimika na kwenda moja kwa moja jukwaani, maana ndiyo siku ya mchezo. Anasema maneno yake mbele ya watu waliovaa vizuri. Wanapiga makofi. Yeye amepata alichokitafuta, na waliolipia wako sakafuni mahali pengine, na uso wake unajua. Filamu nzima inakaa juu ya uso huo.

Na Kongo? Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, ya mwaka 2010, ndiyo filamu yetu ya uhalifu iliyosafiri mbali zaidi, na ilizoa tuzo kubwa za filamu za Afrika mwaka 2011, ikiwemo ya filamu bora. Riva anarudi Kinshasa kutoka Angola na mzigo wa petroli ya wizi wakati mji umekauka mafuta, pesa zinamwagika mikononi mwake kama maji. Ninachokumbuka zaidi ni pale anapokwenda kwa wazazi. Miaka kumi hakuonekana, na anadhani noti zitafungua mlango. Hazifungui. Tangu hapo nilijua hesabu ya Riva haitafungwa vizuri, bila kujali nani angemwahi kwanza. Weka kikao hicho cha Riva na wazazi wake kando ya pesa ya Walter inayopenyezwa kwa mwanawe, utaona tofauti ya mtu anayeheshimu hapana ya ndugu na mtu anayeizunguka.

Tuna sababu nyingine ya kuwa wagumu wa kuamini, na hiyo si ya filamu. Tumeona miisho ya kweli. Mobutu, aliyetawala miaka 32, hakuangukia maabara wala kisimani. Alikimbia Mei 1997, akafa kwa kansa Rabat mwezi Septemba, akazikwa huko huko Morocco, na waliomdai walibaki hapa na madai yao. Karibu zaidi na sisi, watu wa Manono hadi Mitwaba na Pweto wanalijua jina la kiongozi wa waasi Gédéon Kyungu Mutanga kwa namna ambayo hakuna mtazamaji anayeweza kuijua. Alijisalimisha 2006. Alihukumiwa kifo 2009 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, baada ya gereza kuvamiwa, na kundi lake la Bakata Katanga likaendelea kuwakimbiza watu vijijini. Oktoba 2016 alijisalimisha tena na kupokelewa kwa sherehe. Machi 2020 akatoweka tena. Sitaki mtu yeyote amfanye akteri. Waliokufa ni ndugu zetu na waliounguliwa nyumba bado wanaishi kati yetu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyesikia hukumu ya kifo ikitangazwa redioni, kisha akasikia habari za sherehe, hawezi tena kuridhika na kifo cha akteri kama jibu. Anajua kifo kinaweza kutangazwa na kisije, na kinaweza kuja kisibadilishe kitu. Anachotafuta kwenye skrini ni wale wengine: wamo au hawamo?

Kwa kipimo hicho nasema wazi kwamba "Felina" si mwisho wa kuaminika wa Walter White. Ni mwisho mzuri kuutazama, uliotengenezwa kwa mikono hodari, na nimeurudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kutetea. Ulitaka sheria zote mbili zitiiwe: shefu wa majambazi afe, na akteri ashinde. Ukaweza, kwa kuwafungia nje wadai. Mwisho wa kweli wa tamthilia hiyo ulikwisha kupita wiki mbili nyuma, tarehe 15 Septemba 2013, katika sehemu iitwayo "Ozymandias". Hank amepigwa risasi jangwani Walter akimwombea uhai kwa pesa yote aliyonayo, na pesa haikununua hata dakika. Mapipa ya pesa yamechukuliwa, amebakiziwa moja, analisukuma mchangani kama mchuuzi aliyefukuzwa sokoni. Nyumbani Skyler amesimama na kisu, mwana amejitupa katikati kumkinga mama na kuwapigia polisi simu juu ya baba yake. Watu aliosema anawatafutia riziki wanamtazama kama mwizi aliyeingia usiku.

Anamnyakua Holly na kukimbia naye. Baadaye, katika choo cha mahali fulani, anambadilisha nepi na kumbembeleza, na mtoto anasema mama, anarudia, mama. Walter hana la kumjibu. Usiku huo wazima moto wawili wanacheza chesi kituoni, na mmoja anaona taa za gari lao zikiwaka zenyewe. Anakwenda kutazama. Kwenye kiti amekaa mtoto mchanga, mzima, na karatasi yenye anwani ya kwao.